Dawa ya Mashine

Neno lenyewe ni dogo. Dawa. Mtoto wa miaka miwili analijua, na akilisikia analia. Mimi ni mtu mzima, nina mvi na kifua cha kubebea magunia, na siku hizi nikilisikia nami natamani kulia.

Mimi ni fundi wa mashine. Nilikuwa, tuseme. Miaka kumi na minane katika kiwanda cha mikate, na hakuna mashine pale iliyowahi kunishinda. Dunia nzima inaniita Fundi, hata mke wangu akinikasirikia. Nilikuwa najisifu, ndiyo, kwani mtu asijisifu kwa kazi yake ajisifu kwa nini? Na sifa hizo ndizo zilizonipa kifua cha kwenda kwa meneja kumwombea kazi mdogo wangu. Alikuwa amekaa nyumbani mwaka mzima, mkewe ndiye anashona mapazia ya watu, mtoto wao wa kike ndiyo kwanza ameanza shule. Akapewa nafasi kwenye mashine ya kukandia unga. Miezi mitano baadaye mashine hiyo ikamuua.

Nimesema mashine. Ndivyo nilivyozoea kusema.

Mwezi wa tatu baada ya mazishi, shemeji yangu, yaani mjane wa mdogo wangu, alinipigia simu. "Shem, kesho nisindikize kwa wakili. Wale wakianza kuongea haraka haraka mimi natoka kapa." Nikakubali. Ningekataaje? Mimi ndiye kaka mkubwa, na mimi ndiye niliyekuwa kazini siku ile.

Ofisi ya wakili ilikuwa ghorofani, juu ya duka la miwani. Wakili mwenyewe ni mama wa makamo, mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu. Viatu alikuwa amevivua chini ya meza, na miguu ameikanyagisha juu ya bunda la mafaili. Shemeji hata hakusubiri salamu ziishe.

"Mama, nikwambie mapema," alisema. "Mimi sikuja kumuuza mume wangu. Mtaani wameshaanza, eti nangoja kutajirika kwa maiti. Kama ndivyo ilivyo, naondoka."

"Kaa, mwanangu," wakili akamwambia. "Fidia si bei ya mtu. Mtu hana bei. Hapa sheria inamuuliza mwenye kiwanda swali moja: huyu alikuwa mikononi mwako, ulimlinda? Kama hukumlinda, na akafa kwa sababu hiyo, basi wale aliokuwa anawalisha huwezi kuwageuzia mgongo." Akahesabu kwa vidole: anayedai ni mke, watoto, na wazazi kama walikuwa wanamtegemea marehemu. Tuthibitishe mambo mawili, kwamba kiwanda kilikosea, na kwamba kosa hilo ndilo lililoua. Na tusizembee, maana madai haya yana muda wake, na muda ukipita haki yako unabaki kuisimulia tu.

"Na kaka yake?" shemeji akauliza. "Huyu ndiye ametushika mkono tangu msiba."

"Kaka hadai," wakili akasema, akanitazama. "Kaka anatoa ushahidi."

Nikakohoa. Sikuwa na kikohozi.

Kisha akafungua faili akatusomea majibu ya kiwanda. Swichi ya usalama ya mashine ilikutwa nzima, inafanya kazi. Kwa hiyo marehemu alijitakia mwenyewe, aliingiza mkono kiujanja. Na kwa nini mtu mwenye akili timamu afanye hivyo? Hapo wakavuta karatasi ya maelezo ya mfanyakazi mwenzake: "Kila asubuhi kabla ya kazi ilikuwa lazima dawa. Bila dawa kazi haiendi. Siku ile pia dawa ilikuwepo."

Wakili akavua miwani. "Wanasema mumeo alikuwa anatumia dawa za kulevya kazini. Wakishinda hapo, madai yetu yamekwenda na maji. Na damu yake haikupimwa, kwa hiyo ni neno la huyu shahidi dhidi ya letu."

Shemeji alicheka. Haki ya Mungu, alicheka kwa sauti. "Mume wangu? Yule akiumwa jino anasukutua maji ya chumvi! Kidonge anakiogopa kuliko nyoka! Shem, mwambie."

"Ni kweli," nikasema. "Anaogopa vidonge."

Nikaishia hapo. Kwa sababu dawa ile nilikuwa naijua. Niliitunga mimi.

Nieleze ilivyokuwa. Mashine ya kukandia unga ina sufuria kubwa, wangeweza kuoga humo watoto watatu. Ndani yake unazunguka mkono wa chuma. Juu kuna wavu wa chuma, na kwenye bawaba ya wavu kuna swichi: ukiinua wavu tu, mashine inazimika. Ndiyo usalama wenyewe. Sasa unga mbichi una tabia ya kung'ang'ania pembeni, na lazima mtu aukwangue. Inua wavu, mashine imezimika, kwangua, funga, washa tena. Mara kumi kwa kila sufuria moja ya unga. Meneja akawa anakuja na saa yake mkononi: "Mikate imechelewa! Magari yanangoja! Fundi, hii mashine vipi?"

Basi mimi na akili zangu nikakata utepe wa tyubu kuukuu ya baiskeli, nikaifunga swichi ibaki imebonyea. Wavu ukawa unainuliwa na mashine inaendelea kuzunguka. Jamaa mmoja wa pale tunamwita Kasuku, kwa sababu mdomo wake haujawahi kupata likizo, akaniuliza, "Fundi, umeifanya nini hii?" Nikamjibu kwa maringo, "Ilikuwa mgonjwa. Nimeipa dawa."

Ikawa ndiyo lugha yetu, na mashine nyingine nazo nikazipa. Dawa ipo? Weka dawa. Dawa imelegea, muite Fundi. Meneja alipoona mikate inatoka mapema alinisimamisha mbele ya watu wote akanipigia makofi, akasema mimi si fundi, mimi ni daktari. Na wakaguzi wakitaka kuja, anabandika tangazo ubaoni tuzitoe dawa zote, na wakiondoka tunazirudisha. Nami nilikuwa natembea kifua mbele. Mjinga mimi.

Siku mdogo wangu alipoanza kazi nilimwonyesha mwenyewe. Nilimshika mkono nikamwelekeza namna ya kukwangua huku chuma kinazunguka. Aliogopa. Alisema, "Kaka, hii haina hatari?" Nikamwambia, "Acha uoga wa kike, fuata mdundo wake tu." Maneno hayo ndiyo ninayoamka nayo na ndiyo ninayolala nayo.

Asubuhi ile nilikuwa chumba cha vipuri, nasikia mashine inabadilisha sauti. Nilijua kabla sijafika. Mkono wa shati ulikuwa umenaswa, na mwili ukafuata. Nilipiga kitufe cha kuzimia mashine. Ilikuwa imekwisha. Watu wanapiga kelele, Kasuku amekaa chini amejishika kichwa, na mimi, ndugu yake wa tumbo moja, nikachomoa kisu, nikakata ule mpira, nikautia mfukoni. Ndipo nikapiga magoti kulia. Nililia kweli, usidhani nilijifanya. Lakini kwanza nilikata mpira.

Ndiyo maana swichi ilikutwa nzima.

Tulipotoka kwa wakili siku ile nilimtafuta Kasuku, maana sahihi kwenye yale maelezo ilikuwa yake, nikamkuta kwenye kituo cha basi anakula karanga. Nikamkwida shati.

"Umesema nini wewe?"

"Nilisema dawa!" Karanga zikamwagika. "Ile dawa yetu, Fundi! Wao wakaandika dawa. Mimi nikaweka sahihi, mambo ya kusoma kurasa tatu na shati lina damu nani anaweza?"

"Na baadaye? Ulipojua wameelewa vibaya, ulishindwa kurudi ukaeleza?"

Akanitazama kwa huruma, na huruma ya Kasuku ni kitu kibaya kukiona. "Ningeeleza, wangeniuliza aliyeifunga ni nani. Nikaona umeshazika ndugu, nikuzike na wewe?"

Kumbe mtu tuliyemwita domo kaya ndiye aliyenifungia mdomo wake. Nikamwachia shati. Nikamwokotea hata karanga.

Sasa hapo mtu mwenye moyo angefanya nini? Angerudi kwa wakili. Mimi nilirudi nyumbani. Nikajipa sababu, na sababu hazikosekani: nina watoto wanne, nitafukuzwa kazi, nitashtakiwa, mama yetu ana presha atakufa akisikia. Nikajiambia wakili ni mjanja, atapata njia nyingine. Ule mpira nilikuwa nimeuweka kwenye kopo la misumari juu ya kabati. Kila nikiingia chumbani macho yanapanda juu yenyewe.

Wiki mbili kabla ya kikao cha kusikiliza madai, nilikwenda kumwona shemeji. Nilimkuta chumbani, cherehani imefunikwa, na kitandani ametandaza mashati ya marehemu, sita au saba. Hakuwa ameyafua tangu kifo. Aliwahi kumwambia mke wangu kwamba akikosa usingizi hulala na moja usoni, kwa ajili ya harufu yake. Lakini siku ile alikuwa anayageuza mifuko nje. Ananusa kola, ananusa kwapa, anarudia.

"Shem, funga mlango," alisema. Mtoto alikuwa sebuleni anachora. "Nataka uniambie kama mtu mzima. Mwezi ule wa mwisho alikuwa anarudi amechoka sana, macho mekundu. Nikimuuliza anasema vumbi la unga. Mlikuwa wote kule. Alikuwa anatumia?"

Mlango ule ulikuwa wazi kwangu. Alikuwa amenifungulia mwenyewe. Neno moja tu lilitakiwa, hapana, na mengine yangefuata. Lakini nikiapa hapana, ataniuliza dawa ile ilikuwa dawa gani basi.

"Sijui, shem," nikasema.

Akayakunja mashati polepole. "Hujui," akasema. Hakuuliza tena. Nilipotoka mtoto alinionyesha mchoro wake, nyumba na watu watatu, akaniambia, "Baba mkubwa, huyu mrefu ni baba." Nikamsifu. Nikatembea hadi nyumbani kwa miguu, nauli ninayo mfukoni.

Kikao kilifanyika katika chumba kisicho na dirisha, meza ndefu, feni inayolia kama panya. Upande mmoja meneja na wakili wa kiwanda, kijana mwenye tai nyembamba. Upande wa pili sisi. Kichwani pa meza msuluhishi, mzee mwenye kalamu tatu mfukoni. Mimi nilikuwa nimeitwa kueleza tu habari za familia, nani alikuwa anamtegemea marehemu. Lakini asubuhi ile, wakati navaa, mkono wangu ulipanda juu ya kabati ukatoa ule mpira na karatasi niliyouviringishia. Sikuwa nimeamua kitu. Niliutia mfukoni kama mtu anavyotia leso.

Kijana wa tai nyembamba alimgeukia shemeji. Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulioniudhi. "Pole sana, mama. Swali moja tu. Unaweza kuapa mbele yetu kwamba mumeo hakuwa anatumia dawa?"

Nilingoja acheke kama alivyocheka kwa wakili. Nilingoja maji ya chumvi, nilingoja nyoka. Shemeji akafungua mdomo, akaufunga. Akaangalia mikono yake.

"Sijui," akasema.

Neno langu. Nililisikia linatoka kinywani mwake kama lilivyotoka kinywani mwangu, na sauti ileile. Mwanamke aliyeishi na mdogo wangu miaka tisa, aliyejua hata kidole chake kipi kina sugu, nilimfanya asimjue. Nilikuwa nimemuua mdogo wangu mara moja kwa mpira. Sasa nilikuwa namuua mara ya pili.

Nikasimama. Kiti kikaanguka.

"Kaa chini, bwana, zamu yako bado," msuluhishi akasema.

"Zamu yangu imepita kitambo, mzee." Nikautoa mpira, nikauweka mezani. Ulikuwa umekaukiwa na unga, na fundo langu bado lipo, nimekata pembeni. "Dawa ni hii. Hii ndiyo dawa tuliyokuwa tunaweka kila asubuhi. Inafungwa kwenye swichi mashine isizimike. Niliifunga mimi. Jina nililipa mimi. Na siku ile niliikata mimi kabla hamjafika, ndiyo maana mkakuta swichi nzima. Marehemu hakutumia kitu. Alikuwa anaogopa hata panadoli."

Wakili wetu alikuwa amefumba macho, nadhani anahesabu madhara.

Meneja akaruka. "Huyu ametuhujumu! Mimi sikujua lolote!"

Hapo hasira zikanisaidia. Nikatoa ile karatasi ya kuviringishia mpira, tangazo la ubaoni nililokuwa nimelitunza, si kwa akili, ni kwamba nyuma yake niliandika vipimo vya mkanda wa mashine. Msuluhishi akasoma kwa sauti: "Kesho wakaguzi. Dawa zote za mashine zitolewe saa moja asubuhi. Zirudishwe wakishaondoka. Meneja." Na sahihi yake, yenye mkia.

"Hapo nilimaanisha dawa ya panya," meneja akasema.

Msuluhishi akamtazama juu ya miwani. "Sumu ya panya. Kwenye mashine za unga. Na irudishwe wakaguzi wakishaondoka." Akaandika. Kijana wa tai nyembamba akaomba mapumziko.

Nitangulize mwisho wa madai ili usihangaike. Kiwanda kilikubali kosa wiki sita baadaye, na tangu hapo shemeji na mtoto wanapata haki yao. Kwenye hati ya makubaliano imeandikwa kwamba marehemu alikuwa na akili timamu na alifanya kazi kama alivyofundishwa. Aliyemfundisha ametajwa pia. Kazi nimefukuzwa, na polisi wameniita mara mbili kuhusu ule mpira, na wataniita tena. Sawa. Hayo siyalalamikii.

Ninachotaka kusimulia ni cha pale nje, kwenye kibaraza, wakati wa mapumziko. Shemeji alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani. Nikamsogelea nikasimama, kukaa sikuthubutu. Wakili alipita akaniambia kwa sauti ya chini, "Umetuokoa, lakini ungetuokoa mapema," akaenda zake.

"Shem," nikaanza, "nilikuwa naogopa..."

Akainua kiganja. Hakuwa na hasira usoni. Ningependa angekuwa nayo, hasira naijua.

"Mpira uliufunga bila kujua," alisema. "Hilo nalielewa. Hata yeye angekusamehe, namjua mdogo wako. Lakini mdomo uliufunga huku unajua."

"Siku ile uliyoniambia hujui, ulipoondoka niliyafua mashati yake. Yote. Kwa sabuni ya unga, kwa maji ya moto, nikayasugua mpaka vidole vikachubuka. Nilikuwa na hasira naye." Akatafuta kitambaa kwenye mkoba, hakukipata, akajifuta kwa mkono. "Hayanuki tena kitu. Nimejaribu hata leo asubuhi. Yananuka sabuni."

Ndani wakaita turudi. Alisimama, akanyoosha gauni, akanipita. Mlangoni akageuka.

"Asante kwa kusema ukweli, Fundi," akasema.

Tangu aolewe kwetu, miaka tisa, alikuwa ananiita shem.